Chombo cha Mvutaji Mmoja

Papa Gustave wa ghorofa ya chini ndiye mtu pekee katika jengo letu hapa Schaerbeek, Brussels, anayenisalimia kwa Kiswahili. Ni Mbelgiji mzee, fundi mstaafu wa reli, na Kiswahili chake alikiokota Likasi, huko Katanga, Kongo, akiwa kijana. Mimi ni mlinzi wa ofisi moja katika mtaa wa Schuman, ambako watu hunionyesha vitambulisho vyao na kupita bila kunitazama usoni. Kwa hiyo aliponigongea mlango na kuniomba nimsindikize kwenda kuchagua chombo cha mwindaji cha kumtolea paa msituni, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Shida yake aliieleza pale pale ngazini. Kwa miaka mingi aliwinda na rafiki yake Jef; huyu anashika mguu huu, yule anashika ule, mnyama anafika garini. Mwaka huu Jef amefariki. Sasa Nathalie, binti yake Papa anayeishi Antwerp, amesema baba yake aonyeshe kwamba anaweza kumtoa mnyama msituni peke yake, mbele ya shahidi. Akishindwa, bunduki inauzwa na uwindaji umekwisha.

"Weye utakuwa témoin," akaniambia. "Utaangalia tu. Usiguse kintu."

Ninyi mlioko nyumbani Mbeya mtacheka kusikia kwamba mtu mzima mwenye mvi ameomba likizo kazini ili akamtazame mzee akiburuta nyama. Niliomba, nikapewa, na wiki hiyo nzima nilitembea kama mtu mwenye harusi.

Jumapili, Gare du Midi. Tulianzia kwenye soko linalofunga barabara zote kuzunguka kituo cha treni. Tulipita kwenye zeituni, kuku wa kuchoma na mashuka, tukitafuta kamba na mikanda. Papa alikuwa anazivuta kamba kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, tunaendelea. Nikamwambia kwetu tungekata mti tu, tukamfunga mnyama miguu, tukambeba begani.

"Bantu bangapi?" akauliza.

"Wawili."

"Bon. Njo vile. Unaona sasa problème iko wapi?"

Niliiona. Tukanunua kamba moja, tukarudi na tramu.

Ijumaa asubuhi, njia ya kusini. Tuliondoka kwa gari lake dogo, mvua ikinyesha. Kiti cha abiria kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, kwa maana Jef alikuwa na miguu mirefu. Nilipoinama kukivuta mbele, Papa akasema, "Wacha vile." Nikaacha, nikasafiri miguu yangu ikielea, mbali na kila kitu. Tulipoupita mji wa Namur vilima vikaanza, kisha misitu, miti ya majani ya kahawia na miti myeusi ya misonobari kwa zamu. Papa alisimulia habari za Likasi, za vumbi la migodini na treni zilizochelewa mpaka watu wakapika chakula kwenye reli. Mimi nilisikiliza kwa furaha. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kunisimulia kitu kirefu namna ile.

Adhuhuri tulifika kwenye duka la vifaa vya uwindaji, katika mji mdogo wenye kanisa na kituo cha mafuta. Muuzaji alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani shingoni, na swali lake la kwanza lilikuwa watavuta watu wangapi. Papa akainua kidole kimoja.

Akatuletea aina tatu. Kulikuwa na fremu ya kubebea mgongoni, kitoroli cha magurudumu mawili, na sinia refu la plastiki ngumu ambalo hukunjwa likawa kama mkeka, lenye mkanda wa kifuani.

"Weye ulizaliwa kwenye milima," Papa akaniambia. "Chagua."

Fremu niliikataa mara moja. Mzee akiteleza na mzigo ule mgongoni, atavunjika goti. Kitoroli kilinivutia. Kilikuwa na mpini mpana, na nilipoushika niliona wazi nafasi ya mikono minne. Lakini magurudumu hukwama kwenye mizizi, na yakikwama lazima mtu wa pili anyanyue. Nilisimama pale nikikizungusha huku na huku kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sinia lingeteleza juu ya majani mabichi bila kumwomba mtu yeyote msaada.

"Lile la plastiki," nikasema. Papa akalilipia, tukaenda kulala kwenye kibanda cha wawindaji.

Jumamosi, msituni. Tulikuwa tumekaa kimya tangu kulipopambazuka, mgongo kwa mti, pumzi zetu zikitoka kama mvuke wa sufuria. Alitoka paa jike mchanga, aina wanayoiita biche, mkubwa kuliko mbuzi yeyote niliyewahi kumfuga. Papa alipiga risasi moja. Tulipomfikia, alivunja kitawi cha msonobari akakiweka mdomoni mwa mnyama, tonge lake la mwisho, kama desturi yao ilivyo. Akavua kofia. Nikavua yangu.

Alimpasua, akatoa matumbo, akamlaza kwenye sinia kichwa mbele ili manyoya yasipingane na njia, akamfunga. Yote alifanya mwenyewe. Mimi nilisimama mikono mifukoni, na niaminini, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama.

Kwenye tambarare sinia lilienda vizuri. Kwenye mwinuko akaanza kusimama kila baada ya miti michache. Mkanda ulikuwa unamkata begani, uso umemwiva. Nikavua skafu yangu, nikaizungusha nikatengeneza ngata, au kata kama wengine wasemavyo.

"Nguo si mkono," nikamwambia.

Akafikiri sana, kama hakimu. Kisha akaipokea, akaiweka chini ya mkanda, akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kata! Bamaman ba Likasi banaweka hii ku kichwa."

Tukafika juu. Chini, mwisho wa mteremko, gari lilionekana kati ya miti. Nilidhani tumemaliza, na yeye pia. Lakini hatua chache tu za kushuka, sinia likapata mbio, likampiga visigino, akaanguka. Akainuka, akajaribu tena, likamwangusha tena. Mara hii akabaki ameketi kwenye majani, mikono magotini, akilitazama gari.

"Basi," akasema. "Imekwisha. Mi nimekuwa muzee."

Mimi nilijua la kufanya. Mbeya kwetu wavuta mikokoteni wakifika mteremkoni huenda nyuma ya mzigo. Ningenyamaza tu, angeshindwa. Ningeshika ile kamba nyuma yake, tungeshuka wawili, na Nathalie angeambiwa kwamba baba yake anahitaji mwenzake. Mwenzake mwenyewe si nilikuwa pale? Nilitamani hivyo sana. Nikamtazama mzee wa watu alivyokaa na majani kwenye nywele.

"Papa," nikasema, "nenda nyuma. Liache litangulie, wewe ushike kamba ulizuie."

Alinitazama, akainuka. Akafunga ile kamba ya Gare du Midi nyuma ya sinia, akalisukuma kwa mguu, akaegemea nyuma. Likashuka polepole, kwa utii, mpaka kwenye gurudumu la gari.

Akampigia binti yake na kunipa simu. Nathalie akaniuliza kwa Kifaransa kama nilimgusa mnyama, au kamba. Nikamjibu hapana. Akanishukuru kwa sauti ya mtu aliyekuwa akitumaini jibu lingine. Tulikuwa wawili tuliotumaini hivyo.

Jioni, njiani kurudi. Brussels ilipoanza kuonekana kwa taa zake, nilipiga moyo konde nikamwomba safari nyingine aniite nikiwa na nafasi, hata kwa kukaa tu.

Akapunguza mwendo. "Mutoto wangu, mi nilizoea muntu moya. Alikufa. Sitaki kuzoea mwengine."

Nikasema naelewa. Nilielewa, na iliniuma vile vile.

Alinigawia mguu mzima wa nyuma. Niliupika kwa vitunguu na nyanya, nikala na ugali, siku nne nyama ile ile. Nilichojifunza huko ni kwamba unaweza kumsaidia mtu mpaka asikuhitaji tena, na huo nao ni msaada, ingawa hakuna anayekupa pole kwa ajili yake.

Jumamosi iliyofuata alikwenda peke yake. Jioni nilisikia gari, kisha sinia likigonga ukuta wa korido, nikashuka kumuuliza kama limefaa.

"Muzuri sana," akasema, uso wake umejaa furaha. "Ulichagua muzuri. Aksanti."

Akanipa mkono, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.