Zilipikwa kwa Uangalifu Mkubwa

Saa mbili na robo asubuhi, sindano iko kwenye tundu la tatu. Mama Gundi anaivuta taratibu. Uzi uliopakwa nta unapenya karatasi mia moja na ishirini kwa mkupuo, kisha anaukaza kwa kidole gumba mpaka karatasi zinashikana kama watu waliopatana baada ya ugomvi.

"Ukikaza mno, unachana. Ukilegeza, kitabu kinafumuka mikononi mwa msomaji," anasema bila kuinua macho. "Kama msomaji yupo."

Anacheka kidogo, peke yake, na kuingiza sindano tundu la nne.

Chumba chake kiko chini ya ngazi za maktaba ya chuo kikuu. Kina dirisha moja, meza ndefu yenye makovu ya kisu, kibanio cha chuma ambacho watu wawili hawakiinui, na jiko dogo la umeme la kupikia gundi ya unga. Ukutani vimeegemezwa vitambaa vya majalada: buluu kwa shahada ya kwanza, nyeusi kwa ya pili, na damu ya mzee kwa wale wanaotoka wakiitwa madaktari.

Ana miaka hamsini na minne. Kwa miaka kumi na tisa sasa, hakuna mwanafunzi anayemaliza hapa bila ripoti yake ya utafiti kupita kwenye meza hii. Elimu yake mwenyewe ni darasa la saba. Aliajiriwa kufagia maktaba, hadi fundi wa zamani alipomwita siku moja amshikie karatasi.

"Aliniambia, 'Binti, mikono yako haina papara. Kaa hapa.' Nikakaa. Mpaka leo sijainuka."

Gundi huchukua dakika ishirini kushika kabla kitabu hakijawekwa kwenye kibanio. Fundi wa zamani alizitumia dakika hizo kusinzia. Mama Gundi alizitumia kusoma: ukurasa mmoja kwa kila kitabu, popote kitakapofunguka. Mwanzoni hakuelewa kitu. Akawa anayanakili maneno magumu kwenye daftari na kumvizia mwenye kitabu akija kukichukua.

"Namuuliza, 'Mwanangu, nadharia tete ndiyo nini?' Wengine walinieleza vizuri, mpaka na mifano. Wengine walikuna kichwa. 'Mama, hiyo niliikuta tu.'"

Miaka tisa iliyopita, kitabu kimoja kilifunguka kwenye Sura ya Tatu, ile ambayo mwanafunzi hueleza utafiti aliufanyaje. Sentensi ya kwanza ilisema: "Data zote za utafiti huu zilipikwa kwa uangalifu mkubwa."

Alicheka mpaka kopo la gundi likapinduka. Mwandishi alikusudia kusema data zilipimwa. Lakini kwenye kibodi herufi m na k ni majirani, kidole kikateleza, na kila mtu anajua maana ya kupika takwimu: ni kukaa chini na kuzibuni. Kijana wa watu alikuwa amekiri kosa ambalo pengine hakulifanya.

Mwaka uliofuata alikutana na sentensi ileile. Jina la mwandishi lilikuwa jingine, mada nyingine, shule nyingine, na data zilipikwa vilevile, kwa uangalifu uleule. Kisha tena. Na tena.

"Ikawa kama ukoo," anasema. "Huyu mtoto wa yule, yule mjukuu wa huyu. Majina tofauti, sura moja."

Vilipofika vitabu kumi na kimoja, alihesabu na sahihi. Kila kitabu kina sahihi ya msimamizi na ya mtahini. "Sahihi ishirini na mbili, na hakuna hata mmoja aliyesikia harufu ya jikoni."

Hakwenda kushtaki. Anasema hakuona kama hilo lingemsaidia mtu. Alichofanya ni kukata vipande vyembamba vya karatasi ya buluu, mabaki ya majalada, na kuandika juu yake maneno mawili: Soma hapa. Tangu hapo kila ripoti ikija, anafungua Sura ya Tatu kwanza. Akiikuta sentensi, anachomeka kipande, anamrudishia mwenyewe bila kushona na kumwambia karatasi zake hazijakaa sawa.

Amewarudishia saba. Wanne walirudi baada ya wiki mbili au tatu na sura mpya. Watatu walirudi baada ya dakika kumi, wamebadili herufi moja.

"Hao niliwashonea. Mimi si mtahini. Ila siku hiyo gundi hainukii vizuri."

Wa nane alikuwa mume wake.

Mtaani wanamwita Mwalimu, na mkewe naye humwita hivyo. Amefundisha shule ya msingi miaka ishirini na saba, na sasa ana hamsini na miwili. Kwa miaka minne, kila Jumamosi na Jumapili, amekuwa akikaa darasani na vijana wanaomwamkia shikamoo kabla ya kumwomba kalamu, akitafuta shahada ya kwanza ya ualimu. Ripoti yake inatakiwa kukabidhiwa Ijumaa hii, mwisho saa sita mchana. Muda aliopewa na chuo kumaliza masomo unaishia hapo. Akichelewa, miaka minne inafutika.

Aliileta chini ya ngazi wiki tatu zilizopita, imefungwa kwenye mfuko juu ya mfuko. "Nilimwambia, mama watoto, hiki kishone kama shela ya bibi harusi," anakumbuka.

"Nilifungua kwa mazoea tu," anasema Mama Gundi. "Sikuwa namtafuta yeye. Ukurasa wa thelathini na nne. Nikasema labda nimesoma vibaya, nikavaa miwani. Miwani nayo ikasema vilevile."

Alikaa nayo mezani siku nzima. Jioni akachomeka kipande cha buluu, kama kwa wengine.

Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda darasani, Mwalimu aliikuta nyumbani juu ya meza ya kulia chakula. Mkewe alikuwa anamenya viazi.

"Mama watoto, karatasi yako imeingia kitabuni kwangu kwa bahati mbaya."

"Haikuingia kwa bahati mbaya. Soma, Mwalimu."

Alisoma kwa sauti, sauti ile ya darasani, mpaka alipofika kwenye neno. Hapo sauti ikashuka.

"Ah! Si herufi moja tu hii? Kalamu iko wapi?"

Kisu kiliendelea kuzunguka kiazi. "Huyu mwanamke akikunyamazia, bora angekutukana," Mwalimu anasimulia. Aliiweka kalamu chini. Akakiri kwamba sura ile aliichukua kwenye ripoti ya mwenzake wa mwaka wa nyuma, naye aliitoa kwa mwingine. Msimamizi wake alimwona mara mbili kwa mwaka mzima, na mara zote mbili wakiwa wamesimama. Hakuna aliyewahi kumfundisha Sura ya Tatu inaandikwaje.

"Basi ulifanya nini na wale watoto?" mkewe akamuuliza.

"Watoto gani?"

"Wa darasa la tatu. Ulikuwa unarudi na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa unafanya nini huko?"

Akaeleza. Alikaa kwenye benchi fupi na watoto arobaini na sita, mmoja mmoja, na saa yake ya mkononi. Kwanza walisoma ukurasa wa kitabu chao cha kila siku. Walisoma kama maji. Kisha akawapa ukurasa aliouandika mwenyewe, ambao hakuna aliyewahi kuuona. Watoto kumi na tisa walikwama kwenye mstari wa kwanza. Mmoja wao alikuwa ameusoma ule ukurasa wa kitabu wote huku amekishika kitabu kichwa chini miguu juu.

"Walikuwa hawasomi," alimwambia mkewe. "Walikuwa wanakariri. Wamesikia wenzao wakisema, nao wanasema."

Alipoyatamka hayo mwenyewe, akaiangalia ripoti. Mama Gundi anasema alimwona mumewe akivua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na doa.

"Kumi na tisa," Mwalimu alisema hatimaye. "Na mimi wa ishirini."

"Mambo ya maana hivyo, mbona hukuyaandika?"

"Nilidhani ni mambo ya kawaida mno. Nilidhani utafiti ni maneno makubwa."

"Andika ulichofanya, baba watoto. Utafiti wako umekaa benchi, unakusubiri."

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi wake, mhadhiri kijana anayelingana na mwanawe wa kwanza, akamweleza yote. Alijua angeweza kufukuzwa palepale.

"Nilikuwa na wanafunzi sitini na wawili," anasema mhadhiri huyo. "Ripoti ya mzee niliisaini nimesimama mlangoni, naangalia saa. Aliponiambia, nilitaka kukasirika, nikakuta hasira haina pa kwenda ila kwangu."

Alimwambia Mwalimu aandike upya, na safari hii angesoma. Kisha akashuka ngazi kumwona Mama Gundi, akaomba kuliona daftari lake, ambamo alikuwa ameviorodhesha vile vitabu. Mama Gundi alimpa sentensi. Majina alikataa.

"Wale watu wako kazini sasa, wana watoto," anaeleza. "Na wengine, kama Mwalimu wangu, walifanya kazi kweli, hawakujua tu kuisema. Nitawatenganishaje kwa herufi moja?"

Wiki iliyopita kitivo kilikubaliana kwamba msimamizi hatasaini tena kabla mwanafunzi hajakaa mbele yake na kumsimulia Sura ya Tatu kwa robo saa, bila karatasi. Wameomba pia kila msimamizi asizidishe wanafunzi ishirini. Ombi hilo bado halijajibiwa.

Leo ni Jumatano. Saa tisa na nusu alasiri Mwalimu anaingia chini ya ngazi, ametoka shuleni moja kwa moja, karatasi amezikumbatia kifuani.

"Fundi."

"Mteja."

"Amesaini. Lakini amenirudisha mara mbili yule kijana. Mara mbili!" Analalamika kwa sauti ya mtu anayejisifu.

Mama Gundi anazipokea, anazigongesha mezani mpaka kingo zinalingana, ananyoosha mkono kuchukua keekee ya kutobolea.

"Sura ya Tatu hufungui?"

"Yako sifungui. Nimeshakujua."

"Fungua."

"Mwalimu, muda. Kesho nishone, gundi ilale, Ijumaa asubuhi..."

"Fungua, mama watoto. Yule kijana amesoma kwa sababu ni kazi yake. Miaka yote naandika vitu vya kutiwa vema. Hiki nimekiandika kisomwe."

Keekee inarudi mezani. Anavaa miwani, anaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. "Nilikaa kwenye benchi fupi na kila mtoto kwa zamu yake," anasoma, polepole, bila kuruka. Mwalimu amesimama mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Hapa hujasema kwa nini darasa la tatu na si la pili."

"Nimesema, ukurasa unaofuata."

"Basi usinisukume."

Akiulizwa anatamani nini katika miaka sita iliyobaki kabla hajastaafu, hataji jengo wala mashine. "Natamani ifike siku nishone siku nzima bila kufungua Sura ya Tatu ya mtu. Na vile vitabu kule juu maktabani viazimwe mpaka vichakae, virudi hapa nivitie gundi upya. Kitabu kilichochakaa, hicho ndicho kilichosomwa."

Kengele ya kufunga maktaba inalia. Amefika ukurasa wa tano kati ya kumi na moja. Karatasi hazijatobolewa, uzi haujapakwa nta. Anachukua kipande cha buluu, anakichomeka pale alipoishia, na kuziweka chini ya kibanio bila kukikaza.

"Kesho saa mbili," anasema.

Mwalimu anaangalia kopo lililofunikwa juu ya jiko. "Na gundi? Itawahi kweli kukauka hiyo?"

Mama Gundi anazima taa, anatafuta funguo mfukoni.

"Itawahi. Nimeipika kwa uangalifu mkubwa."