Bastola ya Direkta

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu niliamini, kwa moyo wangu wote na bila chembe ya shaka, kwamba ile bastola nyeupe aliyoishika Direkta wetu kwenye geti la shule ilikuwa inapima shaba iliyomo ndani ya damu ya mtoto. Usicheke upesi. Mtu wa mji mwingine angecheka, lakini mtu wa Likasi angeuliza kwanza: ilisoma ngapi? Kwetu bastola ya namna ile ilikuwa na kazi moja tu. Kwenye depo za kununulia madini, kando ya barabara, hukaa mtu mwenye miwani na bastola kama hiyo hiyo. Unampelekea gunia ulilolitolea jasho wiki nzima, analigusisha mdomo wa bastola, anabonyeza, inalia pii, na kwenye kioo kidogo inatokea namba. Namba hiyo ndiyo teneri, yaani kiasi cha shaba kilichomo kwenye mawe yako, nayo haina rufaa. Ikipanda, nyumbani mnakula samaki. Ikishuka, mnakula sombe, majani ya muhogo, mpaka meno yanageuka kijani. Nimewaona wanaume wenye misuli kama milango ya garaji wakilia mbele ya namba ile kama watoto wanaochanjwa. Basi niambie wewe: mtoto aliyekulia hapo, akiona bastola inaelekezwa kwenye paji la uso wake, inalia pii, na mtu mzima anasoma namba kwa sauti, afikirie nini? Homa?

Lakini nimetangulia. Mwaka ule wa ugonjwa shule zilifungwa mvua zikiwa bado zinanyesha, na sisi wa darasa la sita tulishangilia kana kwamba tumepewa nchi. Furaha yetu haikumaliza hata wiki. Baba alikuwa dereva wa basi dogo la abiria kati ya Likasi na Lubumbashi, na safari ziliposimamishwa, tajiri wake aliliegesha gari na kulifunika turubai. Kila asubuhi Baba aliamka, akanyoa ndevu, akaenda kukaa karibu na lile turubai mpaka mchana, kama mtu anayelinda maiti ya ndugu yake. Mwenye njaa hana miiko: Mama, ambaye siku zote alisema mtoto wake hatagusa mawe, alinunua karai mbili na chekeche moja, akatuchukua mimi na dada yangu Zaituni mpaka kwenye kijito nyuma ya mtaa, akasema tuoshe.

Wachimbaji walituletea mabaki yao. Mama aliyavunja kwa nyundo, sisi tukayatia kwenye chekeche na kuyatikisa ndani ya maji baridi, udongo ukaondoka, na katika yaliyobaki ulipaswa kuchagua: hili lina kitu, litie kwenye gunia, hili ni la bure, litupe. Harufu ya kazi ile ninayo mpaka leo, harufu ya sarafu iliyokaa muda mrefu kwenye ngumi. Sitaki kujisifu, lakini nadhani theluthi moja ya shaba iliyotoka Katanga mwaka ule ilipita kwenye vidole vyangu. Nilikuwa na kasi ya mashine. Wakati Zaituni analigeuza jiwe moja juani, mimi nilikuwa nimeshamaliza kilima na kuanza kingine. Kila jioni tukimaliza, yeye alibaki nyuma kidogo, akiinama na kupapasa mchanga pale nilipokuwa nimekaa. Nilidhani anatafuta mawe ya kuchezea, nikamwonea huruma, msichana mkubwa vile.

Zaituni alinizidi mwaka mmoja na nusu, ila tulikuwa darasa moja kwa sababu aliwahi kupoteza mwaka akimuuguza bibi yetu huko Kasongo. Kichwani mwake mlikuwa na hesabu kama vile vichwani mwa wengine mna nyimbo. Pale pale kijitoni alinifundisha sehemu kwa kugawa mawe mafungu mafungu, akinipiga maji usoni kila nilipokosea, na siku nyingine nilirudi nyumbani nimelowa kama kambale. Kila aliyepita na kumuuliza atakuwa nani, alimjibu bila kuinua macho: "Mwalimu wa hesabu. Na nitavaa saa." Kilichokuwa kimesimama njiani ni mtihani mmoja tu, ule wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Asiyeufanya, mlango wa sekondari haufunguki.

Ndiyo maana redio iliposema, katikati ya vumbi la kiangazi, kwamba madarasa ya mtihani yatarudi kwanza, Zaituni aliruka na karai kichwani na hakumwaga hata tone. Shule yetu ilijiandaa kama inayopokea rais. Uani walichora miduara kwa chokaa ya Kakontwe, mmoja kwa kila mtoto, hatua mbili kutoka kwa mwenzake. Ndoo zenye bomba zilipangwa getini, na maji yake yalinuka dawa ya javeli mpaka nzi wa mtaa mzima walihama. Kwenye benchi, ambako zamani tulikaa wanne na yule wa nne alikaa kwa imani tu, sasa alikaa mtu mmoja. Na ili tuenee, darasa liligawanywa mara mbili: kundi la kwanza lije Jumatatu, la pili Jumanne, hivyo hivyo kwa kupokezana. Mimi nilikuwa kundi la kwanza, Zaituni la pili. Mama alikata upindo wa kitenge chake cha maua ya njano, akatushonea barakoa mbili. Nilizivaa zote mbili usiku ule nikijaribu, mpaka Zaituni akaninyang'anya yake.

Jumatatu nilifika alfajiri, nikasimama kwenye mduara wangu. Mbele yangu alikuwa Kabwe, ambaye baba yake alibeba magunia depo, hivyo katika mambo ya madini alikuwa profesa. Direkta alipotokea na bastola, Kabwe aligeuka macho yamemtoka juu ya barakoa.

"Sefu, weye unaona? Ile njo ya depo."

"Wanapima nini?"

"Teneri ya batoto. Si tulishinda mu mawe yote hii miezi? Imeingia mu damu. Mwenye kupita trente-sept, thelathini na saba, banamutosha pa mustari, banamupeleka na mawe."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuja muda ule ule: msichana mmoja mbele alipigwa bastola, Direkta akaitazama namba, akaipiga tena, akamtoa kwenye mstari na kumkalisha peke yake kwenye kiti kando ya ofisi. Zamu yangu ilipofika, mdomo wa bastola ulikuwa baridi hata kabla haujanigusa, na kwa kweli haukunigusa. "Trente-six," alisema Direkta, akaandika kwenye daftari, akanisukuma ndani. Thelathini na sita! Depo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kufikisha teneri kama hiyo. Nilikuwa jiwe la thamani kuliko yote ambayo familia yetu iliwahi kuyaosha, na jina langu lilikuwa limeandikwa.

Nilirudi nyumbani mbio, nikawakuta Mama na Zaituni kijitoni.

"Yaya," nilimwita dada yangu, "kesho usiende! Bastola inasoma shaba ya mu damu! Minye tu, trente-six!"

Niliwaeleza yote, na kwa kuwa ukweli peke yake ulionekana mwembamba, niliunenepesha: yule msichana mmoja wakawa saba, na lori likawa linasubiri nyuma ya shule huku injini inanguruma. Zaituni alinitazama. Kisha akamtazama Mama. Nakumbuka chekeche la Mama lilisimama ndani ya maji, halafu likaanza tena taratibu, na Mama hakuinua kichwa.

"Na minye nitafika ngapi?" aliuliza Zaituni.

"Weye? Soixante, sitini nzima! Weye unaoshaka kunipita!"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akajipangusa macho kwa kiwiko, maana vidole vilikuwa na matope, akasema, "Basi mi sitaenda. Batanipakia na mawe."

Na kweli hakwenda. Hakwenda Jumanne, wala Alhamisi, wala wiki iliyofuata. Kwanza nilijivuna kwa kumwokoa dada yangu. Baadaye nikaanza kuhangaika, kwa kuwa mtihani ulikuwa unakuja na yeye yumo majini. Nikaamua kuitoa shaba mwenyewe. Nilimkalisha kizingitini, nikamsugua mikono na paji la uso kwa ndimu na majivu, nikamnywesha maji vikombe visivyohesabika, nikimwambia akikojoa itatoka. Aliniachia nimsugue. Alikaa amenyoosha mikono kama anayepakwa hina, akitabasamu kidogo. Nilimkagua, nikamwambia, sasa uko quarante, arobaini tu, vumilia. Hakuwahi kunikatalia, wala hakuwahi kwenda.

Shuleni mwalimu aliniuliza dada yako yuko wapi. Mimi kwa kumlinda nikajibu kwamba anaumwa. Katika mwaka ule hilo ndilo neno ambalo hukupaswa kulitamka: darasa zima lilirudi ukutani kwa pamoja kama maji ya karai iliyoinamishwa, na mimi nikapigwa bastola mara tatu mfululizo. Ilinibidi niseme kweli, kwamba anaiogopa bastola. Mwalimu alicheka nyuma ya barakoa yake. "Mwambie haiumi," alisema, akafungua kitabu. Ni hayo tu aliyosema. Siku za kundi la Zaituni nilipita nje ya ua kuchungulia: watoto walisimama kila mmoja kwenye mduara wake, na mduara mmoja wa chokaa, wa tatu kutoka mwembeni, ulikuwa mtupu, mweupe kuliko mingine yote kwa kuwa hapakuwa na miguu ya kuufuta.

Kila jioni Zaituni alichukua daftari langu, akasoma kila nilichoandika, akasahihisha hata makosa ya mwalimu, kisha akaniuliza maswali mpaka nikayajibu nikisinzia. Siku ya mtihani alinisindikiza hadi kwenye kona ya shule, karai kichwani, akanipa rula yake. Nikamwambia twende wote, nitasimama mbele yako, bastola inipige mimi mara mbili. Alinirekebisha kola. "Enda, utachelewa," akasema, akageuka upande wa kijito. Nilisimama pale nikimtazama mpaka kengele ikalia, na sikujua la kufanya. Mpaka leo nikikumbuka kona ile, silijui.

Niliufaulu mtihani. Miaka miwili baadaye malaria ilinilaza kwenye kituo cha afya, nesi akanielekezea bastola usoni. "Trente-neuf," yaani thelathini na tisa, alisema, nami kwa sauti ya kufa nikamjibu kwamba hiyo ni teneri nzuri sana. Baada ya kunielewa, alicheka hadi akaita wenzake waje wasikie. Mimi sikucheka. Nilijigeuzia ukutani, na tangu siku ile nilijua kwamba ni mimi, kwa mdomo wangu huu mrefu, niliyemtoa Zaituni shuleni. Hakuna mwingine. Niliubeba mzigo huo mchana nikiziba matairi ya pikipiki, na jioni nikiwa kwenye benchi la shule ya jioni, nikimaliza sekondari kwa taa inayozimika kila umeme wa bwawa la Koni ukichoka. Kila hesabu ngumu niliyoipata niliiona kama ya wizi.

Sasa mimi ni mzee wa miaka karibu ishirini. Juzi nilipita pale shuleni. Benchini wanakaa wanne tena, na wa nne bado anakaa kwa imani. Miduara imefutika. Ndoo moja ya bomba wanawekea mafagio, na bastola, nimeambiwa, imelala kwenye droo ya Direkta bila betri. Basi dogo limetoka kwenye turubai na Baba anapiga honi kama zamani. Kila kitu kimerudi mahali pake, isipokuwa Zaituni, ambaye ana watoto wawili na meza ya mkaa sokoni, na anajumlisha kichwani kabla mteja hajafungua mdomo.

Diploma yangu ya kumaliza sekondari ilipotangazwa, mtaa ulinimwagia poda kama desturi ilivyo, nyeupe mpaka kope. Wanawake walipiga vigelegele, Mama akacheza. Zaituni alikuja moja kwa moja kutoka sokoni, mikono yake ikachora vidole vyeusi kwenye shati langu jeupe. Nilimvuta pembeni, nyuma ya jiko, na kwa mara ya kwanza nikamwomba msamaha. Nilimwambia yote: bastola, uongo wa lori, mduara mtupu. Nilimwambia bila mimi angekuwa amevaa saa. Nikaanza kulia, mtu mzima na diploma yangu.

"Acha kulia, mudogo yangu, poda inageuka uji," alisema, akinifuta kwa kona ya kitenge. "Minye nilijua siku ile ile inapima homa. Asubuhi ile, weye ungali ku masomo, Mama alikuwa ameisha kuniambia: mumoja aende ku masomo, mumoja abakie naye mu maji. Weye ulileta ile hadisi yako, nikaona ni ya muzuri, nikaishika."

Nilimtazama Mama kule anakocheza. Nikamuuliza Zaituni kwa nini basi mimi ndiye niliyeenda, mimi niliyekuwa naosha kwa kasi kuliko watu wote.

"Juu weye ulikuwa haujue kuosha," alisema. "Mawe ya muzuri ulikuwa unatupa mu maji, ya bure njo ulikuwa unabakisha."