Udongo Mwekundu na Chuma cha Nyota

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka mpaka leo moyo hunienda mbio, kana kwamba mambo yenyewe bado hayajaisha. Nakuhadithia kwa sababu una mimba ya miezi mitano, na jana nimekuona ukitafuna udongo. Ulipoulizwa, ukajibu umesoma kwenye simu kwamba udongo una madini ya chuma. Sikusema kitu mbele ya watu, lakini tangu hapo hata chakula hakinipiti.

Nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi, nikisomesha mji wa Mackinnon Road, huko bara, na nimeolewa hapa kijijini Munje. Nilikuwa na ulimi, usinione hivi. Kila nikirudi likizo nilikuwa nikikaa uani na wifi yangu, Mwanasiti, namweleza niliyoyasoma. Nilimwambia kwamba ulimwengu ulipoanza, karibu wote ulikuwa hidrojeni na heli, gesi mbili nyepesi kuliko zote. Nyota zikazipika gesi hizo kwa joto lisilosemeka, zikapatikana kaboni na oksijeni, na zile nyota kubwa sana zikafika hata kwenye chuma. Hapo nyota huishiwa, hujiangukia, hupasuka, na vilivyomo hutawanyika. Katika vumbi hilo Mola akaiumba ardhi yetu. Kwa hiyo chuma cha jembe na chuma cha damu asili yake ni moja. Wifi alikuwa akinisikiliza mpaka wali unaungua.

Hayo ni kweli, mwanangu, na mpaka leo nayapenda. Kosa langu lilikuja baadaye.

Mwanasiti alishika mimba. Akawa na kizunguzungu, ukimvuta kope ndani kweupe, na roho inataka udongo. Mavyaa, yaani mama wa mume wangu, alikuwa mkunga. Alimkataza asiutie udongo mdomoni. Akamwambia ale mchicha, dagaa, na maini yakipatikana, na vidonge vya kliniki asiviache. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nikamvuta wifi pembeni, nikamwambia damu inataka chuma, na udongo wa Mackinnon Road ni mwekundu kwa ajili ya chuma, kilekile cha nyota. Nikamletea mfuko mzima. Vidonge vilikuwa vikimtia kichefuchefu, basi akaviacha. Mwalimu ameshasema.

Siku ya kujifungua tulimpeleka hospitali. Mtoto alitoka salama, lakini damu ilimtoka Mwanasiti. Haikuwa nyingi kwa mtu mwenye afya, ila yeye hakuwa na akiba. Daktari akatoka nje na kutuuliza alikuwa akila nini hata damu ikapungua namna ile.

Nikanyamaza. Nilikuwa na hofu ambayo sijapata kuwa nayo tena, na bado nikawa nafikiria heshima yangu. Mavyaa akanitazama.

"Sema, mwanangu," akaniambia. "Mwenzio yuko ndani."

Nikasema. Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba chuma cha udongo ule ni kutu, mwili hauambulii kitu, na udongo ukifika tumboni hukishika hata chuma cha chakula, kikapita bure. Kisha akaenda kutafuta damu ya kumwongeza. Tulikaa kwenye benchi tangu adhuhuri mpaka alasiri ikapita, mimi nasoma dua na kuzichanganya.

"Hizo nyota zako sizikatai," mavyaa akaniambia taratibu, bila kunitazama. "Aliyeziumba ni Mungu. Lakini nimezalisha wanawake wa hapa tangu wewe hujazaliwa, na hukuniuliza hata mara moja udongo unamfanyaje mtu akiumeza."

Nikairudia dua yangu tangu mwanzo.

Mwanasiti aliongezwa damu, akapona. Siku ya pili niliingia kumwona, nikamwamkia. Akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nimemletea mfuko mwingine. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa bado ananiamini, mwanangu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Basi soma. Soma habari za nyota na za madini, wala asikutishe mtu. Lakini kujua kitu kimetokana na nini hakukwambii kitakufanya nini kikikuingia mwilini. Kabla hujakila, wala hujampa mwenzio, muulize aliyeona watu wakikila. Na ukikosea ukaulizwa, sema upesi, uwache heshima ipotee. Kila dakika niliyonyamaza pale nje ilikuwa ya Mwanasiti, si yangu.

Kesho asubuhi tutakwenda kliniki sote wawili. Mola akulinde wewe na kiumbe kilichomo tumboni, akujaalie ujifungue kwa wepesi, damu yako ikutoshe, na mimi anipe uhai nimpakate.