Taa ya Omena Ijumaa Jioni

Betri za tochi ya baiskeli ziliisha Ijumaa, jua likiwa limeshazama, nasi ndio tunatoka kanisani kufungua Sabato. Duka lilikuwa ng'ambo ya barabara, wazi, betri zinaning'inia mlangoni. Nilimwangalia mama. Mama akaniangalia.

"Sabato imeingia, nyathina, mwanangu," akasema. "Leo hatununui kitu."

Ningebishana, lakini mama akibisha huja na aya. Tukapitia kwa mvuvi mmoja, jirani wa kanisa, ambaye naye Ijumaa usiku mtumbwi wake hupumzika, akatuazima taa ya sola anayovulia omena, dagaa wa huku. Niliifunga kwenye usukani kwa mpira, nikaiwasha. Jamani! Jogoo wa jirani akawika.

Mama akapanda kwenye keria, Biblia pajani, tukaelekea nyumbani kwa madaha.

Sikufikiria jambo moja ambalo kila mtoto wa huku Homa Bay analijua: kazi ya taa ile ni kuita. Hatukufika mbali, sam wakaja, wale wadudu wadogo wa ziwani, wingu zima. Wakaniingia machoni, puani, mdomoni. Mwanga wenyewe ulinipiga usoni hata lami sikuiona. Mtu wa bodaboda akapishana nasi akipiga kelele, "Wewe! Zima hiyo jua yako!" Nikacheka, nikameza wadudu wengine. Mama naye alicheka mpaka baiskeli ikayumba.

Tulikuwa juu ya daraja, lile jembamba lisilo na pa kujibanza, tuliposikia lori likiteremka kwa kasi nyuma yetu.

"Simama!" mama akasema.

Nikafunga breki. Kabla sijageuka alikuwa ameshashuka, ameing'oa taa, amevua kitambaa chake chekundu cha kwaya na kuifunika nacho. Akainua ule wekundu juu ya kichwa, akalikabili lori. Nilimshika sketi nikimvuta, kwa woga tu, maana hapakuwa na mahali pa kumvutia. Lori likalia breki, likasimama hatua chache kutoka kwake.

Dereva akachungulia dirishani, anahema. "Mama, hiyo taa nyekundu ndio nimeona. Baiskeli sijaona kabisa."

Akakataa kutupita. Alitufuata polepole na taa zake zote, akitumulikia njia, na mama kwenye keria akipunga kitambaa chake kama mheshimiwa aliye kwenye msafara. Watu walitoka majumbani kutazama. Mimi nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa na furaha ya kichaa, furaha ya mtu aliye hai.

Nilikuwa bado nacheka nilipomshusha mama langoni, halafu kicheko kikanikatika. Mwaka mzima nilikuwa nimefunga tochi mbele, nijionee njia mimi. Nyuma, upande yanakotokea malori, sikuwa nimeweka taa. Nilikuwa nimemweka mama.