Kahawa Yangu ya Jioni Imerudi

Nakiri kabla sijaulizwa: leo nimemshinda binti yangu mbele ya daktari, na sijutii hata kidogo.

Moyo wangu umechoka, siku zangu si nyingi. Furaha niliyobaki nayo ni kikombe kimoja cha kahawa ya Mbozi jioni. Sekela, binti yangu anayeniuguza hapa Mbeya, alikuwa amekipiga marufuku.

Leo kliniki akanishtaki.

"Daktari, mwambie baba. Kahawa ya jioni inamnyima mtu usingizi."

"Mzee akinywa, halali?"

"Analala! Anakoroma mpaka asubuhi."

"Umejuaje?"

(Mimi nikatazama dari kwa adabu.)

"Mimi ndiye nisiyelala," Sekela akasema polepole.

"Na wewe, dada, jioni unakunywa nini?"

"Chai ya rangi tu. Nzito, si unaona baridi hii?"

Daktari akacheka. Sisi wa nchi ya chai tunaiona kama maji, hata watoto tunawapa!

"Chai nayo ina kafeini, dada. Mmoja anakunywa analala, mwingine anakesha. Miili haifanani. Mzee wangu, kikombe kimoja kidogo ruksa."

Nilitoka pale nimeubeba mkongojo begani.

Jioni hii Sekela amenimiminia mwenyewe. Yeye kachukua maziwa ya moto.

"Haya, furahi basi, mshindi wetu!"

Kwenu nani hunywa akalala, na nani hukesha? Semeni.

Mimi namalizia changu kimyakimya. Sekela amesinzia kitini, na sithubutu kumwamsha.