Ufa kwenye uso wa Bikira

Ko, ko-ko. Kimya kidogo, babu akipuliza vumbi la mti, halafu ko-ko tena. Hiyo ndiyo sauti ya tezo yake ya kuchongea mti, na mpaka leo, ndugu yangu, nikisikia mutu anapasua kuni hapa Kabambare ninageuka kwa furaha, kabla sijakumbuka kwamba babu alishakufa.

Alikuwa mchonga sanamu. Bibi alitwanga sombe, majani ya mihogo, upande mmoja wa kiwanja, yeye alichonga upande mwingine, na mimi katikati niliota kwamba siku moja nitachonga watu wote wa kijiji, niwapange barabarani mpaka Kasongo. Mwaka ule katekista alimwagiza sanamu ya Bikira Maria wa kanisa letu. Kila jioni alikuja kuchungulia.

"Mzee, huyu Bikira iko nacheka ama iko nalia?"

"Anangoja umalize kuhubiri, ndiyo acheke."

Alipomaliza, babu alimfunga Bikira kwa majani ya ndizi, akamweka kwenye giza la ghala. Mti mbichi, alisema, unakaushwa polepole, kama mgonjwa anavyonyweshwa uji. Lakini sikukuu ya kanisa ilikuwa karibu, nami nilitamani sana kusikia babu akipigiwa vigelegele. Asubuhi moja wote walikwenda shamba, nikaachwa kulinda mihogo iliyoanikwa. Jua lilikuwa linaikausha vizuri. Nikaona litamfaa na Bikira. Nikamfungua, nikamlaza katikati ya mihogo. Adhuhuri nikasikia ka! Ufa ulishuka toka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Nikamrudisha gizani, nikamfunga majani yake vilevile.

Babu alipomfungua hakupiga kelele. Aliupitisha ukucha kwenye ule ufa, taratibu.

"Muti haina kosa," akasema. "Ni mikono yangu ndiyo inazeeka."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Nikainama kuokota majani ya ndizi. Katekista akaleta Bikira wa plasta kutoka Kasongo, kwa pikipiki, amefungwa blanketi. Tangu siku hiyo babu alichonga michi na mipini ya majembe tu, mpaka mwisho wake.

Juzi nilirudi nyumbani kijijini. Kiwanjani mna viti vya plastiki, na hakuna mtoto anayejua tezo inashikwaje. Roho ikanisuta, nikaenda kwa katekista, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, nikamweleza yote. Alinitazama sana.

"Sasa mama, mbona unaniambia miye? Mwenye kungoja hilo neno alishaenda."

Nikatoka bila kumwambia mutu ninakokwenda. Makaburini nikavua ndala, nikakaa udongoni karibu na kichwa cha kaburi la babu, nikasema kwa sauti: "Babu, mikono yako haikuzeeka. Ni miye nilimuweka juani."