Daktari wa Mbwa Aliniandikia Mayai

Mimi nimeandikiwa mayai na maini na daktari wa mbwa. Sitanii.

Cheka kwanza. Ukimaliza nisikilize.

Naishi kwa mwanangu, huu mwaka wa pili. Tupo yeye, mkewe, mimi na mbwa wao anayeitwa Meneja. Jina limemkaa, maana nyumba nzima ni yeye tu anayelala mchana na hakuna wa kumuuliza.

Sasa Meneja akaanza kujikuna. Manyoya ya mgongoni yakawa yanatoka mafungu mafungu. Siku ya tatu tu, mwanangu akaomba ruhusa kazini, akampeleka kwa daktari wa mifugo.

Akarudi na daftari.

"Mama, daktari anasema hawezi kumchagulia chakula kinachomfaa kabla hajajua anakula nini sasa. Uandike wiki nzima, kila kinachoingia mdomoni."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama. Wewe ndiye unashinda naye."

Shule ya msingi nilimaliza, na mwandiko wangu mwalimu alikuwa anautembeza madarasa mengine wauone. Basi nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nikaandika Meneja. Kulia nikaandika Mwenzake.

Uchokozi tu, jamani. Nilitaka mtu mmoja asome.

Jumatatu. Meneja: nyama ya kusaga, wali, karoti. Mwenzake: chai kavu, mkate mkavu.

Jumanne. Meneja: maini, yai, maziwa kidogo. Mwenzake: wali na mchuzi. Mchuzi mtupu.

Hivyo hivyo hadi Jumapili.

Maana huyo mkwe wangu, nyie! Mwaka wa pili huu ananipakulia, anachota mchuzi wa juu, nyama anairuka kana kwamba imelala. Nilishamsema kwa muuza mboga, nikamsema kwa fundi cherehani, nikamsema hadi kwa mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Yeye mwenyewe sikumwambia neno. Mtoto nimlee mimi, halafu nisimame jikoni kumwomba mkewe yai? Thubutu!

Wiki ilipoisha tukaenda wote, na Meneja wetu. Daktari, mama wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, akafungua daftari.

"Huyu Meneja anakula vizuri kuliko mimi. Mwachisheni yai na maziwa kwanza, tuone kama ndivyo vinavyomwasha. Na nyama mchagueni ya aina moja, msimchanganyie."

Kidole chake kikahamia kulia. Akakunja uso.

"Na huyu mwenzake, mnataka kumuua?"

Mwanangu akashangaa. "Mwenzake yupi?"

"Huyu wa upande wa pili. Wiki nzima hajaona nyama, yai wala maziwa! Atasimama na nini?" Akaanza kuandika kwenye karatasi: mayai, maini, samaki, maziwa. "Ana umri gani?"

Nikajibu mimi.

"Miaka sabini na mmoja."

Daktari akacheka. Halafu akaitazama mikono yangu iliyokonda, akaacha kucheka.

Meneja akaendelea kujikuna.

Nikamgeukia mkwe wangu. Leo ndiyo leo, nikajisemea, leo anaumbuka.

Akaangua kilio kweli. Lakini hakunitazama mimi, alimtazama mumewe.

"Si nilikuuliza? Siku mama anahamia, si nilikuuliza anakula nini? Ukasema nyama hapendi, maziwa yanamsokota tumbo, yai hataki hata harufu yake! Nikasema nisimlazimishe mama wa watu!"

Mwanangu ana miaka arobaini na nane, kichwa kimeingia mvi. Akanigeukia na sura ya mtoto wa miaka saba.

"Lakini mama, si ulisema mwenyewe?"



Ni kweli. Nilisema.

Baba yake alipotutoka, yeye akiwa na miaka saba, nyama ilikuwa inaingia kwetu mara moja kwa mwezi, vipande vitatu. Akiniuliza, "Mama, na wewe?" namjibu, "Mimi nyama sipendi, baba, kula." Likipatikana yai moja, namwambia linaninukia. Kikombe cha maziwa, nasingizia tumbo. Nameza mate, natabasamu.

Akaamini. Akakua na maneno yale, akaoa nayo, akamkabidhi mkewe.

Nilitafuta wa kumlaumu pale, nikakosa. Mkwe wangu nimemchafua mtaa mzima kwa uongo wangu mwenyewe. Hadi leo muuza mboga anampimia kwa kisirani.

Ila kuna kitu kinanikaba. Mbwa alijikuna siku tatu, mtu akauliza anakula nini. Mimi nilisemewa na mtoto wa miaka saba, na mtu mzima hakurudia kuniuliza hata siku moja.

Siku hizi napakuliwa nyama, mapande haya hapa. Meno yangu yamebaki manne. Mwanangu akiniuliza, "Imeiva, mama?" namwambia laini kabisa.

Mnaona? Bado namdanganya.

Kina mama mnaosoma hapa, kipande kikiwa kimoja, kikateni. Nusu mpe mtoto. Nusu ile nyingine itafune wewe, mbele ya macho yake, polepole. Ajue kuwa mama naye ana tumbo.